Kuipoza Kompyuta Bila Kelele katika Joto la Pwani

Katika miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana mjini Bagamoyo na katika vijiji vya pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam hufikia nyuzi 32 za Sentigredi na pengine zaidi. Hewa huwa nzito kwa mvuke wa bahari. Watu hufungua madirisha na kuhamia barazani kutafuta upepo. Kompyuta iliyo juu ya meza haina baraza ya kuhamia. Hupumua hewa ile ile ya chumbani, na kutokana na hewa hiyo lazima ipate ubaridi wake wote.

Hapo awali tatizo hili lilitatuliwa kwa gharama kubwa. Kompyuta ya kwanza ya Serikali, iliyofungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, ilikuwa ya kizazi cha mitambo mikubwa ambayo kwa kawaida ilitengewa chumba chake chenye hewa iliyopozwa. Kompyuta ya leo imekuwa ndogo na imeingia majumbani, madukani na shuleni, lakini haikuja na chumba hicho. Badala yake imekuja na feni ndogo mbili au tatu, na feni hizo zina kelele.

Kwa kazi nyingi kelele hiyo ni kero ndogo tu. Bagamoyo, hata hivyo, ni mji wa muziki. Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 kimekuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kimeufanya mji huo kuwa makao ya wachezaji na wapigaji ala. Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba kutoka Ugogoni, aliishi hapo hadi alipofariki mwaka 2003. Siku hizi muziki wa namna hiyo hurekodiwa kwa kompyuta, na mara nyingi kompyuta huwa katika chumba kile kile alimo mpigaji. Sauti ya zeze ni nyembamba, na sauti ya ilimba hufifia polepole hadi kimya. Katika kimya hicho ndipo mvumo wa feni husikika. Ukishaingia katika rekodi, ni vigumu kuuondoa bila kuichubua na sauti ya ala yenyewe.

Hivyo kuna madai mawili yanayoonekana kupingana: joto la pwani linataka feni ziende mbio, na maikrofoni inataka zinyamaze. Makala haya yanaeleza jinsi feni zinavyofungwa na kuongozwa ili madai yote mawili yatimizwe.

Joto linalopaswa kuondolewa

Karibu umeme wote unaotumiwa na kompyuta huishia kuwa joto. Kompyuta inayotumia wati 150 inapofanya kazi nzito hupasha hewa sawa na jiko dogo la umeme la wati 150. Sehemu kubwa ya joto hilo hutoka katika prosesa, yaani kile kipande kidogo kinachofanya hesabu. Juu ya prosesa hufungwa kipoozeo chenye mapezi ya alumini, na feni hupitisha hewa katikati ya mapezi hayo. Feni nyingine huingiza hewa mpya katika sanduku la kompyuta na kuitoa ile iliyokwisha kupata moto.

Kiasi cha hewa kinachohitajika kinaweza kukadiriwa. Ikiwa hewa itaruhusiwa kupata joto la nyuzi 10 zaidi inapopita ndani ya sanduku, wati 150 zitachukuliwa na kiasi cha lita 13 za hewa kwa sekunde. Ikiwa hewa itaruhusiwa kupanda kwa nyuzi 5 tu, zitahitajika lita 26. Feni moja kubwa inayokwenda taratibu inatosha kwa hesabu ya kwanza.

Jambo moja lapaswa kueleweka vizuri: feni haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuhamisha joto tu, na kwa hiyo haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Chumba chenye nyuzi 32 kikilinganishwa na chenye nyuzi 20, prosesa ile ile, kwa kazi ile ile na mwendo ule ule wa feni, itakuwa na nyuzi kama 12 zaidi. Hilo si balaa. Watengenezaji wameziwekea prosesa nyingi za sasa kikomo cha kati ya nyuzi 90 na 105. Joto linapokaribia hapo, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe, na likizidi sana kompyuta hujizima. Anayechomoa feni ili apate kimya hupata pia rekodi inayokatika katikati ya wimbo.

Kelele hutoka wapi

Kelele ya feni ina vyanzo vitatu. Kwanza ni hewa yenyewe inapokatwa na mapanga. Feni yenye mapanga saba ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, sawa na mara 20 kwa sekunde, huipiga hewa mara 140 kwa sekunde, na mlio wa masafa hayo umo katika eneo la sauti nzito ya mwanamume anayeimba. Pili ni beringi. Beringi ya bushi huwa kimya ikiwa mpya, lakini mafuta yake hukauka upesi katika joto; beringi ya gololi hudumu zaidi ingawa huwa na sauti kidogo tangu mwanzo. Tatu ni mtetemo unaopita kutoka feni kwenda katika bati la sanduku na hadi mezani. Huu hupunguzwa kwa kufunga feni kwa vishikizo vya mpira badala ya skrubu.

Chanzo cha kwanza ndicho kikubwa, nacho kinafuata kanuni inayomfaa sana fundi. Mwendo wa feni ukipunguzwa kwa nusu, hewa inayopita hupungua kwa nusu, lakini kelele hupungua kwa kiasi cha desibeli 15. Kwa kuwa sikio la binadamu huhesabu desibeli 10 kuwa karibu nusu ya ukubwa wa sauti, upungufu huo ni mkubwa mno. Kinyume chake, kuongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza huongeza desibeli 3 tu. Kwa hiyo feni mbili zinazokwenda nusu mwendo hupitisha karibu hewa ile ile ya feni moja inayokwenda mbio, kwa kelele ndogo zaidi kwa desibeli 12 hivi.

Kwa sababu hiyo hiyo feni kubwa ni bora kuliko ndogo. Feni ya milimita 120 hupitisha kwa mwendo wa taratibu hewa ambayo feni ya milimita 80 huipata kwa kuzunguka mbio na kupiga mluzi. Hapo ndipo ulipo ufumbuzi: feni ziwe kubwa, ziwe zaidi ya moja, na ziende polepole kadiri joto linavyoruhusu.

Nyaya mbili, tatu na nne

Feni za kompyuta ya mezani hutumia umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 12, na zinatofautiana kwa idadi ya nyaya.

Feni ya nyaya mbili ina waya wa hasi na waya wa volti 12 tu. Huzunguka ikipata umeme, na kompyuta haiwezi kujua kama inazunguka au imekwama.

Feni ya nyaya tatu ina waya wa ziada unaotoa taarifa. Kila feni inapozunguka mara moja, waya huo hutoa mipigo miwili ya umeme. Mazabodi, yaani ule ubao mkuu wa kompyuta, huihesabu mipigo hiyo. Ikipata mipigo 40 kwa sekunde hujua kwamba feni inakwenda mizunguko 1,200 kwa dakika. Ili kuipunguza mwendo feni ya aina hii, hupunguzwa volti, kutoka 12 kushuka hadi kama 5. Njia hii ina mpaka wake: feni iliyosimama huhitaji volti nyingi zaidi ili kuanza kuzunguka kuliko zile inazohitaji ili kuendelea. Feni inayozunguka vizuri kwa volti 5 huenda isianze kabisa kwa volti hizo hizo.

Feni ya nyaya nne ilienea baada ya kampuni ya Intel kutoa kanuni zake katikati ya miaka ya 2000. Hii hupata volti 12 kamili wakati wote, na waya wa nne huleta amri. Amri hiyo ni umeme unaowashwa na kuzimwa mara 25,000 hivi kwa sekunde. Muda wa kuwashwa ukiwa mrefu kuliko wa kuzimwa, feni huenda mbio. Ukiwa mfupi, feni huenda taratibu. Masafa hayo yalichaguliwa kwa makusudi. Sikio la binadamu halisikii mlio unaozidi mitikisiko 20,000 kwa sekunde, hivyo uwashaji na uzimaji huo hauongezi mlio unaosikika. Feni hizi zinaweza kwenda taratibu sana bila kukwama, na ndizo zinazofaa zaidi mahali panapotakiwa kimya.

Rangi za nyaya zataka uangalifu. Katika feni nyingi za nyaya tatu, mweusi ni hasi, mwekundu ni volti 12 na wa manjano ni wa taarifa. Katika kanuni za nyaya nne, mweusi ni hasi, wa manjano ni volti 12, wa kijani ni wa taarifa na wa buluu ni wa amri. Waya wa manjano basi una kazi mbili tofauti, na aliyezoea aina moja anaweza kupeleka volti 12 mahali pasipostahili. Siku hizi feni nyingi zina nyaya nyeusi tupu. Njia ya salama ni kufuata nafasi za pini katika plagi: ya kwanza ni hasi, ya pili ni volti 12, ya tatu ni taarifa na ya nne ni amri.

Namna ya kuunganisha

Kabla ya sanduku kufunguliwa, kompyuta huzimwa na waya wake kuchomolewa ukutani. Kisha hutazamwa soketi za feni zilizo katika mazabodi. Moja hukusudiwa feni ya prosesa na nyingine feni za sanduku, na kila moja ina ulimi wa plastiki unaozuia plagi isiingie kinyume. Plagi ya nyaya tatu huingia katika soketi ya pini nne ikiziacha pini tatu za mwanzo zimefunikwa na ya nne wazi. Plagi ya nyaya nne nayo huingia katika soketi ya pini tatu. Feni itazunguka katika hali zote mbili, ila feni ya nyaya tatu iliyo katika soketi ya pini nne itakwenda mbio daima mpaka soketi hiyo ibadilishwe, katika mipangilio ya mazabodi, iongoze kwa volti badala ya kwa mipigo. Wengi huidhania feni kuwa mbovu, kumbe ni mpangilio huo tu.

Feni ya prosesa haipaswi kufungwa penginepo. Mazabodi isipopata mipigo ya taarifa kutoka soketi hiyo huonya, na pengine hukataa kuiwasha kompyuta, kwa kudhani kwamba prosesa haina kinga.

Soketi nyingi za feni huweza kutoa ampea 1, na feni ya milimita 120 kwa kawaida hutumia kati ya ampea 0.1 na 0.3. Kwa hiyo soketi moja inaweza kulisha feni mbili au tatu kwa kutumia waya wa kugawia, mradi jumla ya ampea zilizoandikwa katika feni isizidi kiwango cha soketi. Katika mgawo huo feni moja tu ndiyo huunganishwa waya wake wa taarifa. Zikiunganishwa zote, mipigo huchanganyika na hesabu hupotea.

Mwisho ni uelekeo. Hewa huingia upande wa feni ulio wazi na kutokea upande wenye mihimili inayoshika injini. Mara nyingi fremu ina mshale unaoonyesha hivyo. Feni za mbele huingiza hewa na feni ya nyuma huitoa. Feni zote zikiingiza au zote zikitoa hewa, hushindana na matundu ya sanduku, na zikielekezana zenyewe kwa zenyewe hupiga kelele bila faida.

Mwendo ufuate joto

Ndani ya prosesa na katika mazabodi mna vipimajoto vidogo. Mazabodi huvisoma na kuiamuru feni kwa kufuata jedwali la joto na mwendo, ambalo mwenye kompyuta anaweza kulibadilisha katika mipangilio inayofunguliwa kabla mfumo endeshi haujaanza. Hapa ndipo penye tatizo la pwani. Majedwali mengi ya kiwandani huchukulia kwamba chumba kina ubaridi wa wastani. Yakitumika Bagamoyo bila kurekebishwa, prosesa isiyofanya kazi yoyote huwa tayari imefika mahali ambapo feni huanza kukimbia.

Marekebisho ni kuusogeza mwanzo wa mpando kwa kadiri ya joto la chumba lilivyozidi. Jedwali lililoanza kupandisha mwendo kwenye nyuzi 45 linaweza kusogezwa hadi nyuzi 57 au 60. Mfano unaofaa ni huu: chini ya nyuzi 60, feni iende asilimia 30 ya mwendo wake, kati ya nyuzi 60 na 80 ipande polepole hadi asilimia 70, na ifikapo nyuzi 85 iende mbio zote. Hapo kinga inabaki kamili, na katika kazi ya kurekodi, ambayo mara nyingi huitumia prosesa sehemu tu ya uwezo wake, feni itabaki katika mwendo wa chini.

Pamoja na jedwali ni vema kuweka ucheleweshaji. Joto la prosesa huruka juu na kushuka ndani ya sekunde chache, na feni inayolifuata kila linaporuka hupanda na kushuka kama mtu anayetweta. Sauti ya namna hiyo husumbua sikio kuliko mvumo usiobadilika. Kipoozeo cha alumini hakipati moto kwa haraka, kwa hiyo hakuna hatari ikiwa feni itasubiri sekunde kadhaa kabla ya kubadili mwendo.

Chumvi iliyomo hewani

Kuna sababu nyingine ya kutoziendesha feni mbio bila haja, nayo haihusiani na masikio. Kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge, karibu na mji wa Bagamoyo, maji ya bahari hukaushwa kwa jua hadi chumvi ikabaki. Kazi kama hiyo, kwa kiasi kidogo sana, hufanyika katika upepo wote wa pwani: matone ya mawimbi hurushwa hewani, hukauka, na chembe za chumvi huletwa nchi kavu. Kila lita ya hewa inayovutwa na feni huleta chembe hizo ndani ya kompyuta pamoja na vumbi.

Chumvi kavu haina madhara makubwa. Lakini chumvi ya kawaida huanza kujivutia maji na kuyeyuka pale unyevuanga unapozidi asilimia 75 hivi, na usiku wa pwani mara nyingi hupita kiwango hicho. Maji hayo ya chumvi hupitisha umeme na kuzila pini za shaba. Inafaa kujua kwamba hatari hiyo huwa ndogo kompyuta inapofanya kazi. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevuanga wa asilimia 80 ikipashwa hadi nyuzi 38 ndani ya sanduku, unyevuanga wake hushuka hadi asilimia 46 hivi. Kompyuta iliyozimwa na kupoa ndiyo inayolowa.

Kutokana na hayo yafuata mambo manne. Feni za kuingiza hewa ziwe na nguvu kidogo kuliko za kutoa, ili hewa ya sanduku itafute njia ya kutoka katika mianya yote, na iingie kupitia chujio peke yake. Chujio lifuliwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa, kwa maana chujio lililoziba huilazimisha feni kuongeza mwendo. Kompyuta isiwekwe chini ya dirisha linaloelekea baharini. Na ikishazimwa na kupoa, ifunikwe kitambaa, ambacho huondolewa kabla ya kuwashwa tena. Mapanga ya feni yasafishwe kwa brashi laini huku yameshikwa kwa kidole, yasizungushwe kwa nguvu ya upepo wa pampu, kwani mbio hizo huharibu beringi.

Jaribio la mwisho

Feni zikishafungwa na jedwali kurekebishwa, kazi hujaribiwa saa nane mchana, wakati wa joto kali. Kompyuta hupewa kazi nzito kwa nusu saa na joto la prosesa hutazamwa. Likitulia chini ya nyuzi 85, mwendo wa chini unaweza kupunguzwa kidogo zaidi, likizidi, huongezwa. Baada ya hapo hufanywa jaribio la masikio: maikrofoni huwekwa mahali pake, na chumba kitupu hurekodiwa kwa dakika moja bila mtu kusema. Rekodi hiyo husikilizwa kwa sauti ya juu. Mvumo ukisikika, kompyuta husogezwa mbali, kwa sababu mahali pa wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili. Hata chumbani, ambamo kuta hurudisha sehemu ya sauti, nafuu hupatikana.

Kazi yote hii haihitaji kifaa cha thamani kuliko feni mbili kubwa, bisibisi na subira ya kupima. Faida yake ni kompyuta inayodumu katika hewa ya chumvi, na chumba ambamo uzi wa zeze unaweza kusikika hadi mtikisiko wake wa mwisho.